Rangi Yangu Kwenye Chati ya Wakwe

Nimefundisha shule ya Jumapili karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na muda wote huo sikuwahi kumwona Myahudi kwa macho. Niliwajua wa kwenye Maandiko tu: walivuka bahari, wakanung'unika jangwani, wakalia kando ya mito. Kwa hiyo mwanangu wa pekee aliponipigia simu kutoka Sydney kuniambia amepata mchumba, na kwamba mchumba mwenyewe ni Myahudi, nilipiga magoti nikashukuru, kisha nikamngoja mtu mwenye utaji na mtungi begani. Akaja nyumbani kwangu Kilimanjaro binti mwenye viatu vya mazoezi, akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama nina maziwa yasiyotoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wangu wawili walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba wanasikiliza.

Nilimpenda. Nasema hivyo mapema, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani vinginevyo.

Baada ya harusi yao nilikwenda Sydney kuwatembelea kwa miezi mitatu. Sijazoea hata choo chao kinachong'aa kuliko sahani, mipaka ikafungwa kwa ajili ya korona. Australia, nchi isiyopakana na mtu yeyote, ikafunga mipaka. Viza yangu ikaombewa nyongeza, ikaombewa tena, nami nikabaki kwenye fleti yao ya vyumba viwili pale Kensington, karibu na chuo kikuu. Wanafunzi walikuwa wametoweka. Tramu zilipita chini ya dirisha letu bila abiria, zikivitangazia viti vitupu jina la kituo kinachofuata.

Mwanangu, ambaye ni mhandisi, alifanyia kazi chumbani. Mkwe wangu alifanyia kazi kwenye meza ya kulia, kwa hiyo tulikula tukiwa tumeshika sahani mapajani kama wageni wa msibani. Kazi yake ni kuchukua takwimu za kampuni ya bima na kuzigeuza kuwa picha za mistari, miduara na rangi, kwa sababu wakubwa wa pale hawapendi kusoma, wanapenda kuona. Nikamwambia naielewa kazi hiyo vizuri. Mimi nimeifanya kwa ubao wa flana na picha za kubandika, tena kwa watoto wa miaka sita. Tofauti ni kwamba yeye analipwa.

Mwaka wa kwanza wa korona ukielekea kuisha, akashika mimba. Kipimo kikaonyesha msichana. Kwetu jambo hilo halina mjadala: binti wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako, wewe mama wa baba yake. Mimi nimebeba jina la bibi yangu mzaa baba, naye alibeba la bibi yake, na mwanangu alilijua hilo tangu anajua kuvaa viatu. Siku ya habari ile alinikumbatia jikoni akasema, "Mama, jina lako linarudi." Nilikaa juu ya ndoo ya mchele. Nina mtoto mmoja tu. Kama jina halikuingia kwa huyo msichana, halikuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Nilishukuru Mungu mpaka mkwe akaja kuangalia kama naumwa.

Sasa, watu waliofungiwa ndani hutafuta la kufanya. Majirani zetu walioka mikate. Mkwe wangu aliamua kuchora ukoo wake.

Hakuuchora kama mti, kama watu wa kawaida. Alikusanya vyeti, picha za zamani, hati za meli iliyowaleta kutoka Ulaya baada ya vita, na barua pepe za binamu waliotawanyika duniani, akailisha kompyuta, na kompyuta ikavitema kwenye televisheni ya sebuleni. Kila mtu alikuwa mstari unaoanza kushoto anapozaliwa na kuishia kulia anapokufa. Mistari ilianzia vijiji vya Hungaria, ikapitia Budapest, ikavuka bahari, ikatua Sydney. Na kila jina lilikuwa na rangi yake. Waliobeba jina moja walipewa rangi moja. Tulipomaliza kula jioni, badala ya taarifa ya habari, tuliwatazama wakwe zangu wakizaliwa na kufa kwa rangi.

Toleo la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Lilionyesha watu walioishi miaka mia na sitini. Mwanamke mmoja alizaliwa kabla ya reli kufika kijijini kwao, na bado alikuwa anatumia simu ya mkononi. Nilimpongeza mkwe wangu, nikamwambia sasa nimeamini ni ukoo ule ule wa Maandiko, maana wale wa kabla ya gharika ndivyo walivyoishi. Akaona haya. Akaeleza kwamba kompyuta ilikuta jina lile lile, familia ile ile, mmoja anafariki na mwingine anazaliwa karibu na hapo, ikadhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, ikawaunganisha. Alikesha akiwatenganisha wafu na walio hai, kazi ambayo nilidhani imetengewa siku ya mwisho.

Toleo la pili lilikuwa sahihi, na ndilo lililoniumiza.

Niliangalia zile rangi kwa uvumilivu wa mtu asiye na pa kwenda. Rangi ya zambarau inaishia mahali, halafu inaanza tena chini yake, kwenye mstari mwingine. Ya kijani inaishia, inaanza. Ya chungwa vivyo hivyo. Nikatafuta mahali ambapo bibi na mjukuu wanakwenda pamoja kwa rangi moja, kama ambavyo mimi na bibi yangu tulikwenda pamoja kisimani tukiitwa jina moja na kuitika wote wawili. Hapakuwa na hata mahali pamoja pa namna hiyo. Nikauliza kwa nini.

Mkwe wangu akamtazama mwanangu. Mwanangu akasimama kwenda kutupa taka. Alikuwa ameshazitupa kabla ya chakula. Mhandisi wa madaraja akashuka ngazi na mfuko mtupu.

Ndipo nikaelezwa. Kwao hawampi mtoto jina la mtu aliye hai. Jina hungoja mwenyewe afe. Kumpa mtoto jina la bibi anayepumua ni kama kumwonyesha bibi mlango. Mkwe wangu alisema yeye mwenyewe haamini sana mambo hayo, ila bibi yake anaamini, na ndiye mkubwa wa ukoo, na ni mzee, na yuko kwenye nyumba ya wazee kipindi cha korona, na hakutaka kumwongezea hofu. Nilimsikiliza. Huyu ndiye aliyewahi kuniambia, tukila ugali wangu, kwamba hana hakika kama Mungu yupo. Kumbe kuhusu malaika wa mauti hakuwa na shaka yoyote.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "ili niingie kwenye chati yako, natakiwa nife kwanza."

"Mama, si hivyo."

"Na mtoto anazaliwa Agosti. Basi nijitahidi."

Nilikwenda kulala bila kusali sala ndefu. Nilimwambia Mungu kwamba anajua, nikazima taa.

Siku zile, ukitaka kufa Sydney, nafasi zilikuwepo. Kila asubuhi kiongozi alisimama mbele ya kamera kusoma idadi, na upande wa magharibi, kule Cabramatta na mbele yake, askari walitembea mitaani na helikopta ziliwaelekeza watu warudi ndani. Upande wetu wa pwani, amri ile ile ilitafsiriwa kuwa watu watembeze mbwa ufukweni wakiwa wameshika kahawa. Ndugu zangu wa kanisa walikuwa wa upande wa helikopta. Ibada yetu ya Kiswahili, ambayo zamani ilikuwa ukumbini St Marys, sasa ilikuwa kwenye simu, Wakongo wengi, Watanzania wachache, na kila mmoja akisahau kuzima kipaza sauti anapokaanga samaki. Nilitaka kuwaombea wao, nikajikuta naombea jina langu. Mungu ni mvumilivu kuliko mimi.

Basi nikaamua kumwendea mwenye kesi.

Bibi yake mkwe wangu alikuwa na umri wa kutosha kuwa mama yangu. Nyumba ya wazee ilikuwa imefungiwa wageni, kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, kabla ya kuwasha mishumaa yao ya Sabato, muuguzi alimwekea kishikwambi mezani, naye akatutokea sebuleni, mara uso, mara dari, mara sikio. Tangu mwanzo tulikuwa na utani. Kwetu utani ni kitu cha kabila na kabila, lakini yeye aliuingia bila kufundishwa. Aliniuliza kama kweli nimesoma habari za mababu zake, nikamwambia nimezisoma zaidi yake. Akasema huenda, ila mimi nimezisoma tu, yeye amezirithi pamoja na kisukari. Kiingereza chake kilikuwa kimesafiri mbali kama changu, kwa hiyo tulielewana bila haraka.

Ijumaa hiyo nilikaa mbele ya kamera kabla ya mtu mwingine. Nilimwambia nimesikia kwamba jina langu ni hatari kwa afya yangu.

Hakucheka. Akaniambia kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni: malaika wa mauti anakuja na jina. Anaingia nyumbani anamtafuta bibi. Akikuta wawili wenye jina moja, anachukua yeyote, hata mdogo.

"Na huyo malaika wenu," nikasema, "hawezi kuangalia mwaka wa kuzaliwa?"

"Mtumishi wa serikali huyo," akasema. "Unamjua mtumishi wa serikali anayesoma ukurasa wa pili?"

Nilicheka, kwa sababu barua zangu tatu kwa ofisi ya viza zilikuwa zimejibiwa kila moja kana kwamba ndiyo ya kwanza. Lakini nilikuwa sijakubali. Nikamwambia kwetu malaika anaijua kazi yake, na watoto wamejaa majina ya bibi walio hai, na bibi wenyewe wanafika miaka tisini wakilalamika. Nikamwambia nina mtoto mmoja. Nikamwambia kwamba yeye ana ukuta mzima wa rangi zake, na mimi naomba moja.

Kisha akamwita mjukuu wake kwa jina, akamwambia anionyeshe vizuri ile picha, sehemu ya katikati.

Mkwe wangu akaikuza. Nilikuwa nimeiona sehemu hiyo kila jioni na sikuwa nimeitazama. Mahali pamoja, ndani ya mwaka mmoja wa ile vita, mistari mingi ilikatika pamoja, rangi zote, mirefu na mifupi, kama majani yaliyofyekwa kwa mkupuo. Mingine ilikuwa imeanza karibu tu na pale ilipokatwa. Baada ya hapo kuna weupe. Halafu mistari michache sana inavuka kuja huku.

"Hao wote wana majina," yule bibi akasema. "Tumezaa, tumezaa, hatujawamaliza. Kuna foleni. Mdogo wangu yumo humo, alikuwa na miaka minne. Rangi yake sijui umempa ipi."

"Ya waridi," mkwe wangu akasema.

"Ya waridi. Bado anangoja. Na wewe mzima wa afya unataka kuingilia katikati."

Nimefundisha watoto kwamba wafu wanapumzika, nami naliamini hilo, lakini sikuweza kumwambia mtu anayengoja nafasi ya mdogo wake kwamba hakuna foleni. Nilimwomba radhi. Akasema radhi ya nini, ni mazungumzo ya wakwe.

Jambo lingeishia hapo, nami ningebaki mtu mwenye subira na kinyongo kidogo, kama simu yangu isingelia pale mezani. Ilikuwa ni dada mmoja Mkongo wa kanisani, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na simu niliiacha kwenye spika. "Mama Fulani, uko wapi? Siye tuko tayari ku maombi, tunangojea weye tu." Nasema Fulani kwa sababu majina ya watu hayamo katika habari hii. Alitaja jina la mwanangu, kama wanavyofanya wote.

Nilipokata simu, yule bibi alikuwa ameusogeza uso karibu na kioo, nikaona jicho na nusu ya pua.

"Amekuitaje?"

Nikamweleza. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, Mama wa huyo. Jina la usichana hubaki nyuma.

"Hubaki nyuma kabisa?"

Akanihoji kama hakimu. Marehemu mume wangu aliniitaje? Mama Fulani, hata alipokuwa mahututi. Mchungaji? Mama Fulani. Wadogo zangu? Dada. Watoto wa shule ya Jumapili? Bibi, au Mwalimu. Mkwe na mwanangu? Mama. Majirani, wauza ndizi, watu wa benki ya kijiji? Mama Fulani, Mama Fulani, Mama Fulani. Nilipokuwa nikijibu nilianza kushangaa mimi mwenyewe. Jina nililokuwa nalipigania hivyo, sikuweza kumkumbuka mtu wa mwisho aliyeniita kwalo kwa mapenzi. Huenda ni mama yangu, asubuhi ya harusi yangu.

"Basi ni nani anakuita hivyo?" akauliza.

Nikafikiri. "Idara ya Uhamiaji," nikasema. "Na wauguzi wa chanjo."

Yule bibi akaegemea nyuma, dari ikaonekana, kisha akarudi.

"Malaika akikutafuta kwa jina hilo itabidi aanzie Idara ya Uhamiaji," akasema. "Mwacheni aombe miadi."

Mkwe wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mwanangu, ambaye hakuwa na taka za kutupa, alisimama mlangoni. Hukumu ikatolewa papo hapo, kabla ya mishumaa. Mimi jina langu nililiacha siku nilipomzaa mwanangu. Jina halina mtu. Mtoto anaweza kulichukua, na jina la pili litakuwa la yule mdogo wa rangi ya waridi, ambaye amengoja vya kutosha. Kulikuwa na sharti moja tu, kwamba kuanzia sasa nisiitike jina lile kwa kiumbe yeyote.

"Hata kwa serikali?" nikauliza.

"Hasa kwa serikali."

Mwanatheolojia angemcheka. Nami nimesoma theolojia kiasi, na nilijua kabisa kwamba tumemtoroka malaika ambaye siamini anatembea na orodha, kupitia dirisha la desturi ambayo si yangu, kwa ushahidi wa simu iliyosahauliwa kwenye spika. Nilimshukuru Mungu kwa yote hayo bila kuchagua.

Mtoto alizaliwa wakati amri zikiwa kali. Hospitali iliruhusu mtu mmoja tu, nami nilimwona mjukuu kwanza kwenye simu, akiwa na uso wa mtu aliyeamshwa kwa jambo dogo. Walipomleta nyumbani nilimbeba, nikamwita jina lake sikioni. Lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumika, lakini halikuwa limechakaa.

Mkwe wangu alipopata nguvu akarudi kwenye chati yake. Aliniuliza, kwa upole ule ule wa siku ya maziwa, kama angeweza kuniingiza jinsi bibi yake alivyoamua. Nikamwambia aendelee. Kwa hiyo niko pale, kwenye televisheni ya sebuleni, kati ya wakwe zangu. Rangi ya samawati inaanzia chini ya Mlima Kilimanjaro na kukatika siku aliyozaliwa mwanangu. Kisha kuna nafasi, halafu samawati inaanza tena Sydney, na ndani yake uzi mwembamba wa waridi. Kutoka pale nilipokatika unaendelea mstari wa kijivu usio na jina, umeandikwa tu Mama Fulani. Si watu wengi wanaopata kutazama mwisho wao wameshika kikombe cha chai. Nilimwambia mkwe kijivu kinanifaa, kinaficha uchafu.

Yule bibi alipona korona ilipopita kwenye nyumba yao ya wazee, na akajigamba kwamba malaika alifika akamkuta analalamikia supu, akaondoka. Kila Ijumaa anauliza kama nimeitika. Namwambia bado.

Mapema mwaka uliofuata ilifika zamu yangu ya sindano ya tatu. Tulikwenda kwenye ukumbi wa chanjo mimi, mkwe na mtoto. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyotenganishwa, kila mmoja na barakoa yake, kimya kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Muuguzi akatoka na karatasi akaita jina langu, akilivunja katikati kama wanavyofanya. Nikatulia. Akaita tena. Mkwe wangu akanitazama, mimi nikatazama bango la kunawa mikono. Akaita mara ya tatu, sasa kwa sauti ya mtu anayetaka kupitisha mwingine, na watu wakaanza kugeuka kumtafuta huyo mzee asiyesikia.

Nikamwinua mjukuu wangu juu ya magoti ili aonekane.

"Huyu hapa," nikasema. "Lakini kwa sindano bado ni mdogo."

Muuguzi akaangalia karatasi yake, akamwangalia mtoto, akaangalia karatasi. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa mstari wa pili, chini ya kidole chake gumba, na wala hakuutazama. Nikafikiri, yule bibi alisema kweli. Mkwe wangu akasimama, akacheka ndani ya barakoa, akanishika mkono.

"Mama," akasema, "twende."

Kwa hilo nikaitika.